Baba Hakusaini

Juzi, katika ofisi ya elimu Newala, karani alimsukumia mzee mmoja kalamu asaini fomu ya binti yake ya chuo cha uuguzi. Mzee akairudisha taratibu.

"Kwetu mwenye mtoto ni mjomba wake, si baba. Anakuja kutoka Mkunya."

"Mzee, fomu mwisho leo. Na siku hizi kila kitu ruksa."

"Ruksa ya Rais ni ya kuuza sukari. Mtoto ana mjomba wake."

Mjomba akaingia, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, mjomba," binti akainuka kumpokea.

"Marahaba. Kidato cha tano hukitaki?"

"Nataka kuhudumia wagonjwa, mjomba."

"Sindano huogopi?"

"Kuchomwa naogopa. Kuchoma siogopi."

Mjomba akacheka, akasaini palipoandikwa "Baba". Karani akaguna, akagonga muhuri.

Nyuma yao, mimi nilikuwa nimekwisha kusaini fomu ya binti yangu. Nikaomba nyingine, nikaenda kumtafuta shemeji, mjomba wake.