Kiota Nilichomchungia Riziki

Sikulazimishi uniamini. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi kweupe, hapa hapa Johannesburg, mwaka 2017, nikiwa na akili zangu timamu.

Nilipanga chumba cha uani mtaa wa Bertrams, nikishona nguo barazani. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa ametundika mtini kigogo chenye tundu, na ndege wawili wakahamia humo: kifua cha njano, kishungi kichwani, mlio kama saa ya kengele. Nikawa nashona huku nawatazama wakiingia na kutoka. Nilifikia hadi kuwasalimia.

Ndipo akaja Riziki. Alisema yeye ni wa Pangani, anakaa mtaa wa pili. Mimi ni wa Tanga. Unadhani nilimuuliza zaidi? Kila alasiri alikaa juu ya ndoo niliyoipindua, tukatazama kiota pamoja, nikamwambia mambo ambayo sijamwambia hata dada yangu wa tumbo moja. Chai yangu hakuigusa hata siku moja. Aliniomba jambo moja tu: nimfukuze paka wa jirani. Nikamfukuza kila siku.

Vifaranga walipoanza kulia mle ndani, kaka yangu akapiga simu kusema mama hajiwezi, ananitaja. Nikakata tiketi ya basi la Ijumaa. Riziki akanishika mkono.

"Dada, ningoje hadi Jumatano. Nami naenda nyumbani, tutasafiri wote. Njia ndefu ile, utaongea na nani?"

Nikabadilisha tiketi.

Jumatano asubuhi nikatoka na begi. Geti lilikuwa bado lina kufuli, ufunguo ninao mimi. Riziki alikuwa chini ya mti, amechuchumaa mbele ya kifaranga aliyeanguka majanini. Haki ya Mungu, alimwinamia, akaachama, na yule kifaranga akaingiza mdomo wake humo akatoa panzi mzima, miguu bado inacheza.

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mlinzi aliyemaliza zamu.

"Wametoka wote," alisema. "Sasa waweza kwenda."

Nilifumba macho niombe dua. Nilipofumbua, palikuwa na ndege wawili wakubwa ukutani, na mtoto wao kati. Majani pale alipochuchumaa hayakuwa yamelala. Umande ulikuwa vile vile.

Simu ya kaka ilinikuta hapo hapo nimesimama. Mama alikuwa amekata roho alfajiri ile.

Nilihama Bertrams. Nimemuulizia Riziki hadi msikitini mtaa wa Mayfair, kwa watu wa kwetu, hakuna anayemjua. Mpaka leo mtu akiniita dada, mwili unanisisimka. Wala kinachoniuma si kwamba hakuwa binadamu. Angeniambia ukweli, ningemtafutia mtu mwingine wa kumchungia wanawe.

Nawe unayeishi mbali na kwenu, usimpe mtu siku zako kabla hujauona mlango wake. Mfuate, upige hodi, uingie ndani. Mimi sikumfuata. Walipokuwa wanamzika mama, nilikuwa kwenye foleni mpakani, afisa ananiuliza naenda kufanya nini.