Fomu Iliyokatwa Kola

Kaka yangu ni fundi cherehani, na kutulia hakujui. Tangu atoke kwa daktari wa njia ya mkojo ndiyo kazidi: anashona mishono mitatu, ananyanyuka, anapanga vifungo vilivyokwisha kupangwa. Mimi dada yake nikaona, nikanyamaza, na kunyamaza si tabia yangu.

Ilianza kwa kwenda msalani kila mara. Kipimo cha damu kikaonyesha kiwango cha juu. Daktari akapima kwa kidole, na hapo kaka alinisimulia akiutazama ukuta. Ikafuata picha, kisha sindano ya kuchukua vinyama kumi na viwili. Jibu likawa saratani ya tezi dume, ile ya kwenda mbio, lakini bado imo ndani ya tezi. Daktari akamtajia mionzi na upasuaji, akashauri upasuaji, akampa fomu ya kutia sahihi.

Wiki tatu baadaye wifi yangu akaikuta fomu kwenye meza ya kukatia, imekatwa umbo la kola. Aliponiambia nilipandwa na hasira, tukamfuata kaka pamoja.

"Karatasi zimekwisha mjini?" nikamuuliza.

"Ile ni ngumu, inafaa kwa kiolezo." Akasimama, akakaa, akasimama tena. "Wanataka kunitoa dume. Mtu akitolewa dume, anabaki nani?"

Kumbe siku zote hizo kilichokuwa kikimla ni neno.

Wifi akaweka mkoba chini. "Mume wangu, mimi niliolewa na wewe. Hiyo tezi hata sikutambulishwa."

Nilicheka peke yangu.

"Daktari kasema hata nguvu zinaweza kupungua," kaka akasema polepole.

"Nami kaniambia. Kaniambia pia ikishatoka nje ya tezi, kuimaliza ni shida. Nguvu zikipungua tutazitafuta wawili. Ukipotea wewe, nitakutafuta na nani?"

Akarudi kwenye vifungo vyake. Tukaondoka.

Asubuhi nikamkuta ameinama kwenye cherehani, hanyanyuki. Alikuwa anashona suruali nyepesi, ya mpira kiunoni, mguu wa kushoto mpana kuliko wa kulia. Nikadhani amekosea vipimo, yeye ambaye hakosei.

"Ya mteja gani hii?"

"Yangu. Nitatoka hospitali na mfuko wa mkojo umefungwa mguuni." Akakata uzi kwa meno. "Dada, nenda kaniombee fomu nyingine."