Sahani Ambayo Sikuihesabu

Nilimwahidi mama mmoja wa Ilongero kwamba sitamwambia mtu yeyote kuhusu sahani ya pili. Niliitunza ahadi hiyo kwa majuma sita, na kidole chake cha mguu kilikatwa nikiwa bado naitunza.

Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uleule. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata nyumbani wagonjwa wa kisukari na kuwasaidia kubadili mazoea: chakula, mwendo, dawa, utunzaji wa miguu. Sikuwa daktari, nilikuwa mwelekezi wa afya. Mama huyu, mjane mwenye umri wa kunizaa, alifuata maelekezo yangu kuliko wote. Kila asubuhi alitembea hadi mwisho wa shamba lake la alizeti. Ugali wake wa uwele ulikuwa wa ukubwa wa ngumi, kama tulivyokubaliana. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akanitania kwamba mke nitakayemwoa atakoma, maana nitampimia ugali kwa rula.

Lakini sukari haikushuka, na kidonda kidogo kidoleni hakikufunga.

Siku moja bodaboda ilinifikisha mchana, saa ambayo hakunitarajia. Mezani palikuwa na sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa ile yetu. Ya pili ilijaa ugali na mboga ya mlenda, mbele ya kiti kitupu, na maji ya kunawa yamewekwa kando. Nilimwuliza kama ana mgeni.

"Ni ya mzee," alisema.

Mumewe alikuwa amezikwa miaka miwili kabla. Alinieleza taratibu kwamba humwandalia kila mchana, huketi naye mpaka chakula kipoe, kisha hukila chote yeye, kwa sababu chakula cha mumewe hakiwezi kumwagiwa kuku. Nilimwuliza kwa nini hakuniambia.

"Uliniuliza mimi nakula nini, mwanangu. Hicho ni chake."

Hakuwa amenidanganya. Aliniomba nisimwambie mtu, hasa watoto wake walioko mjini, wasije wakasema amerukwa na akili. Niliahidi. Chuoni tulifundishwa kutunza siri, nami niliona fahari kuaminiwa. Nikajaribu peke yangu: nilipendekeza sahani ya mzee iwe ndogo zaidi. Alinitazama kana kwamba nimempokonya marehemu tonge mkononi. Sikuitaja tena. Kidole kikawa cheusi.

Alipotoka hospitali nilikwenda kwake, nikamwambia yupo mwanasaikolojia mjini, mama wa makamo, ambaye kazi yake ni kuwasikiliza na kuwatibu wenye majonzi yasiyokwisha.

"Mimi si kichaa."

"Sijasema hivyo, mama. Mimi ndiye niliyefika mwisho wa ninachokijua."

Mwishowe akaniruhusu kumweleza mtaalamu huyo, na huyo peke yake.

Mimi huuliza: wiki hii utafanya nini? Mwanasaikolojia alimwuliza: siku aliyofariki mzee ilikuwaje? Baada ya vikao kadhaa mama alinisimulia mwenyewe. Mumewe alirudi kutoka shambani akasema ana njaa. Mama alimjibu asubiri, mlenda bado. Alipoleta sahani alimkuta amekufa kitini.

Kwa idhini ya mama, mwanasaikolojia aliniagiza nisiiguse sahani ya pili. Mimi niendelee na viatu, dawa na kidonda, na nimjulishe nikiona mama ameacha kula au hatoki nje. Kila juma nilikaa karibu na sahani ile, nikiyajua madhara yake, nikanyamaza. Miezi ikapita. Siku moja mama alikibeba chakula cha mzee hadi kwa jirani, mjane mwenzake, naye akakila. Kesho yake akarudia. Sukari ikaanza kushuka.

Nilishukuru, lakini moyo wangu haujatulia. Mama anapokuja kunifungulia mlango nasikia hatua moja nzito, kisha nyingine inayopapasa ardhi. Hajanilaumu hata mara moja. Kila nikisikia hatua hiyo ya pili, nayahesabu yale majuma sita moja baada ya jingine, na katika kila moja najiona nimeketi pale mezani nikijipongeza kwa uaminifu wangu.

Nakuomba wewe unayesoma: mgonjwa akikupa siri inayozidi ujuzi wako, mwombe siku hiyohiyo akuruhusu kumwita anayeuweza mzigo huo.