Mtakatifu wa Nyumba ya Radojka

Radojka hajui kutulia. Ofisini kwetu Novi Sad huandika programu akiwa amesimama, kahawa ikimpoea pembeni, na ukimwambia akae atakuuliza kama hicho kiti ni cha baba yako.

Asubuhi ile simu ilitoka kwa Bi Smilja, mwokaji wa mikate ya sikukuu za watakatifu. Huku kila nyumba ina mtakatifu wake, wa kurithi kwa baba, na programu ya Radojka ndiyo humwambia Smilja mkate upi ni wa nani.

"We mwanangu, umelewa? Nyumba zote zimeandikwa Mtakatifu Nikola! Unataka mji mzima unipige?"

Radojka aliizunguka meza, akarudi, akazunguka tena, ndipo akaliona kosa. Kigeu cha mtakatifu, kile kisanduku kinachotunza jina lake, alikuwa amekitangaza kuwa kimoja cha nyumba zote, badala ya kila nyumba na chake. Kila mteja mpya alifuta mtakatifu wa aliyemtangulia, na wa mwisho kuingizwa alikuwa wa Nikola.

Alifuta neno moja tu, lile lililokifanya kisanduku kuwa cha wote, akawaingiza wateja upya.

"Sasa sawa," Smilja akasema. "Ila kuna nyumba ya Radojka. Mwanzo ilikuwa na Nikola, sasa iko tupu. Ndiyo wewe?"

"Hiyo ya majaribio tu, mama."

"Mtakatifu wenu nani, nikuokee?"

"Jovan. Lakini tangu baba afe, hatujaoka."

Tangu nimjue, ndiyo siku pekee niliyomwona Radojka akivuta kiti.