Uso Niliomvika Mama wa Auma

Kabla hujaanza kucheka, jua kwamba siku hiyo sikuwa na malaria, pombe ya chang'aa sijawahi kuionja, na ilikuwa saa nane mchana, jua likiwaka. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, ndani ya studio yangu hapa Migori mjini. Kiti alichokalia bado ninacho. Ukitaka kukiona, njoo.

Kazi yangu ni picha. Napiga za pasipoti, lakini riziki yangu kubwa inatoka kwenye matanga. Nachapisha bango la marehemu linalofungwa langoni, picha ya fremu inayotangulia jeneza, na fulana za wajukuu. Kwetu mtu hazikwi hivi hivi bila uso wake kuonekana. Na kwa kuwa wengi hufa bila kuacha picha ya maana, mimi hutoa uso kwenye kitambulisho, nikaung'arisha, nikauvalisha suti. Sioni ubaya hapo, uso unabaki wa mwenyewe.

Marehemu baba naye alikuwa mtu wa picha, kwa namna yake. Alifanya kazi kwenye sinema ya mfanyabiashara mmoja Mwislamu hapa mjini, zamani, kabla sijazaliwa. Alibandika mabango ya filamu ukutani na kupanga picha za waigizaji kwenye kabati la kioo pale mlangoni, ili mpita njia azione atamani kuingia. Sinema ilipofungwa alikuja nyumbani na sanduku la bati limejaa picha hizo: majambazi wenye kofia, warembo wanaolia bila kuharibu wanja. Nyuma ya kila picha kuna muhuri unaosema ni ya kuazima, irudishwe. Aliniachia sanduku lile na onyo moja. "Hizi ni sura za watu. Tazama, lakini usimpe mtu."

Kulikuwa na mmoja niliyempenda kuliko wote. Mwanamke mweusi kama sisi, shingo ndefu, gauni jeupe, amegeuza macho kando kana kwamba ameitwa. Jina lake halikuandikwa popote. Nilimtundika juu ya kaunta, na wateja walidhani ni nyanya yangu.

Sasa Auma. Alikuwa na saluni mlango wa pili, na kwa miaka tisa tulikula sahani moja. Watu wakiniuliza, nilisema ni dada yangu. Kwao ni Sori, ufukoni mwa ziwa, ingawa hakuwahi kunipeleka. Kila mara ilikuwa "tutaenda Krismasi." Asubuhi moja aliingia akilia: mama yake amefariki, na hakuna picha yake hata moja. Maji ya ziwa yaliingia nyumbani yakaharibu kila kitu, hata kitambulisho. Kisha akainua macho, akatazama juu ya kaunta.

"Nipe huyo. Tutasema ni mama akiwa msichana."

"Auma, huyo ni mtu wa sinema!"

"Si ni picha tu? Yaye, please, usiniache niaibike mbele ya watu."

Nilikataa. Akalia tena, nikashindwa. Nikauingiza uso ule kwenye kompyuta, nikafuta hereni ya sikio la kulia, nikafunika nywele kwa leso niliyoichora mwenyewe, ya kijani yenye maua meupe. Leso hiyo haiuzwi popote duniani, niamini. Na kwa haraka ya matanga nikasahau kufuta hereni ya sikio la kushoto.

Nilienda mazishini. Jeneza halikufunguliwa, Auma alisema ugonjwa ulikuwa umemharibu mama. Niliona wanawake wazee wakilitazama bango langu, kisha wakitazamana. Mimi, mjinga, nilidhani wanaisifu kazi.

Wiki mbili baadaye, saa hiyo niliyokwambia, mteja akaingia. Mgongo umepinda, visigino vimepasuka, mwendo wa mtu wa miaka themanini. Akaketi kwenye kiti cha picha.

"Nyathina, nipige picha," alisema. Mwanangu, nipige picha.

Nikainua macho. Juu ya mwili ule wa kizee kulikuwa na uso wa msichana, hauna kunyanzi hata moja, na ulikuwa wa kijivu kama picha za zamani. Alijifunga leso ya kijani yenye maua meupe. Kwenye sikio la kushoto, hereni moja.

Unauliza kwa nini sikukimbia? Yeye ndiye aliyekuwa kati yangu na mlango. Nikashika kamera kwa sababu ndicho kitu pekee mikono yangu inachojua. Na kwenye kioo cha kamera hakuwemo msichana. Alikuwemo bibi kizee, jicho moja limefumba na ngozi imeshonana juu yake, ananitazama kwa lile lililobaki. Nikiinua macho, msichana. Nikiyashusha, bibi.

"Huyo wa ndani ndiye mimi," alisema. "Nimefika kwa watu wangu waliotangulia, mama yangu ananiuliza mimi ni binti wa nani. Mume wangu amenipita kama mgeni. Mlinililia kwa uso huu, basi ndio niliopewa."

Kisha akaelekeza kidole upande wa saluni.

"Picha yangu ipo. Auma ameificha ndani ya Biblia. Itundikeni nyumbani kwangu, watu waione, waniite jina langu. Mara moja tu."

Nikapepesa macho, kiti kikawa kitupu.

Nilimkimbilia Auma. Hakucheka. Alifunga mlango wa saluni, akatoa Biblia, na ndani yake palikuwa na picha ya bibi yule yule, ya rangi, safi kabisa. "Ulitaka wakwe zangu, waliokuja mazishini bila kuwahi kumwona mama, waone jicho lile?" aliniuliza. Hapo ndipo nilipoelewa Krismasi zile tisa ambazo hakunipeleka kwao. Lakini akanishika mikono, akaapa kwamba Jumamosi tutaenda Sori pamoja na atasema mwenyewe.

Jumamosi nilisimama mbele ya kaka zake na shangazi zake nikaeleza yote. Kaka mkubwa akamgeukia. "Auma, ni kweli?"

Auma akageuza macho kando. "Mimi nilimpa picha ya mama. Yeye ndiye alibadilisha. Hata mimi nilishtuka siku ya mazishi."

"Ifungue hiyo Biblia uliyoshika!" nilipiga kelele. Akaifungua kwa utulivu, akaikung'uta. Hakuna kitu kilichoanguka.

Aliniruka, akanikana mchana peupe, mbele ya ukoo mzima. Nilifukuzwa pale kama mwizi wa kuku. Njia nzima nililia, na sikuwa namlilia marehemu, nilikuwa naililia miaka tisa yangu.

Auma alihamia Homa Bay na saluni yake. Watu wa Sori hawaniletei matanga tena. Ile picha ya mwigizaji, ya sanduku la baba, bado iko juu ya kaunta: gauni lipo, shingo ipo, lakini mahali pa uso ni karatasi tupu. Na bibi bado huja, saa nane mchana, mji ukisinzia. Hukaa, nampiga picha. Uso wake huonekana kwenye kamera, nikichapisha hutoka kiti tu.

"Wamenitambua?" huniuliza.

"Bado, Mama."

Basi wewe unayesoma, piga picha yako ukiwa hai. Jicho likiwa moja, piga. Meno yakiwa mawili, piga. Andika jina lako nyuma kwa mkono wako, na usimwachie mtu mmoja, hata yule unayemwita dada. Hasa huyo. Mimi yangu sikumpa mtu. Nimeichapisha kubwa nikaibandika nje, mlangoni, kama baba alivyobandika mabango yake, ili kila anayepita aijue sura yangu kabla watu wangu hawajanichagulia nyingine.