Sahani Chini ya Mpapai

Jirani yangu hapa Mtoni hupika wanga wa muhogo kama anayempikia mgonjwa uji, mwiko ukizunguka polepole. Humo huchanganya nyuzi za makumbi ya nazi alizozichambua kwa kucha, akaukandamiza mchanganyiko kuwa sahani na kuzianika juu ya bati. Anataka sahani ya kulia pilau shughulini, kisha ikitupwa, udongo uimalize. Kila mwezi huzika moja chini ya mpapai. Akiifukua huikuta nzima, huirudisha nyumbani.

Ijumaa nilimkuta amepiga magoti, vidole vimezama udongoni.

"Shikamoo, mama. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Sahani yangu." Akaunusa mkono, machozi yakimlengalenga, akacheka. "Haipo, mwanangu. Haipo kabisa!"