Ndizi za Mama Zimefungiwa Chuoni

Jamani, leo nimeuona mkono wangu kwenye kompyuta ya chuo kikuu. Msinipongeze kwanza.

Mnamkumbuka yule mtafiti wa chuo aliyekuja kwa mama, kijijini Masukulu, migomba ilipoanza kunyauka? Alikula mbalaga, ndizi zetu za kupika, mpaka akalegeza mkanda. Mimi ndiye niliyemshikia futi akipima ndizi. Akaahidi, "Majibu mtayapata, mama."

Mpaka leo hatujayaona.

Sasa ugonjwa umerudi. Mama anataka kujua, ang'oe shamba lote au aache? Nikaenda Mbeya, maktaba ya chuo. Nilichomekea shati, mlinzi akaniita mwalimu!

Dada wa maktaba akautafuta ule utafiti, akaupata. Ukurasa wa kwanza kuna picha: ndizi za mama, mkono wangu na futi. Nikacheka kama mjinga.

Akabonyeza tuendelee kusoma. Ikagoma.

"Kaka, mbele huko ni kulipia, na chuo hakijalipia."

"Dada, hizo ndizi za kwetu!"

"Najua. Tuna sehemu yetu ya kuweka tafiti, kila mtu asome bure. Ila mtafiti mwenyewe lazima alete nakala. Nimemwomba mpaka nimechoka."

Yaani mkono umeingia, mwenye mkono kabaki nje.

Mama akapiga simu hapohapo. "Mwanangu, wanasemaje? Panga ninalo."

Nikaona aibu kumwambia sijasoma kitu. Nikasema, "Kata tu, mama."

Hakukata simu. Nikausikia mgomba wa kwanza ukianguka.

Nyie mngemwambiaje?